Asante Haisagwi Mashineni

Katika vituo vyetu vya afya mkoani Katavi kuna mwanamke asiye na kiti. Mgonjwa akikosa siku yake ya kliniki, anayemfuata ni yeye, tena kwa miguu, mpaka vijiji ambako masika hata bodaboda wanagoma kwenda. Tunamwita WAVIU mshauri. Anaishi na VVU, virusi vyake vimefubaa, na uongo wote wa mgonjwa anaujua kwa sababu aliwahi kuusema yeye mwenyewe. Mwisho wa mwezi anapewa posho, ikiwepo. Eti anajitolea!

Anajitolea kwa nani? Mbona mhasibu anayeandika hiyo posho hajitolei?

Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi kwa mimba za wasichana: 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Sasa mfikirie mmoja wao, amepimwa kliniki ya wajawazito na kukutwa na VVU, anarudi nyumbani Karema au Mishamo na mimba, vidonge vya kumeza maisha yake yote, na mume asiyejua lolote. Muuguzi amemweleza vizuri, lakini nje kuna foleni. Nani atamfundisha kufunga vidonge kwenye kitambaa ili kopo lisilie mkobani? Nani atamwambia, “Mdogo wangu, hata mimi nilijifungua hivyohivyo, na mwanangu hana virusi”? Hilo halifundishwi chuoni.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na hofu ikafika mpaka huku mwisho wa reli. Aibu yetu ilikuwa hapo: dozi ya mama wa Nsimbo kutegemea kalamu ya Washington.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kila kitongoji na mtaa. Vizuri. Basi anzeni na hawa WAVIU washauri, na msiwawekee ukuta wa vyeti wakati kazi wanaijua.

Madiwani wa Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, mkikaa kwenye bajeti msimwite huyu mama kutoa ushuhuda. Ushuhuda ameutoa kila Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, akapewa soda.