Randa ya Almasi na Chumvi ya Livermore

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miali 192 ya leza ilielekezwa kwa mpigo mmoja katika kikopo kidogo kilichohifadhi tembe ya haidrojeni nzito, hata atomi zake zikaungana, na nishati iliyotoka, megajuli 3.15, ikaizidi ile ya leza iliyoingia, ambayo ilikuwa megajuli 2.05. Wanafizikia walipewa sifa wanazostahili, wala sina nia ya kuwapunguzia hata chembe. Bali naona insafu inatudai tumtaje mtu mwingine ambaye aghalabu hatajwi, naye ni fundi aliyeziranda fuwele ambazo miali ile yote ilipita ndani yake kabla ya kufika shabahani.

Fuwele hizo ni za fosfati ya potasiamu, chumvi ambayo wakulima huitumia kuwa mbolea, na ambayo kwa njia iliyokamilishwa pale Livermore hukuzwa ndani ya maji yake kwa takriban miezi miwili, ilhali zamani ilihitaji karibu miaka miwili, mpaka likapatikana jiwe moja lenye uzito wa zaidi ya kilo 300. Jiwe hukatwa vibao vyenye kiasi cha sentimita 40 kila upande na unene wa sentimita moja hivi, na kazi ya vibao ni kuugeuza mwanga: leza huanza safari yake ikiwa infraredi ya nanomita 1053, ikatoka humo ikiwa ultravioleti ya nanomita 351.

Kioo cha miwani, ili uso wake uwe laini, husuguliwa kwa unga na maji, na mambo yakaisha. Lakini chumvi hii maji huiyeyusha, unyevu wa hewa huifubaza, punje za kusugulia huzama ndani yake zikabaki, na joto la ghafla huipasua. Hapana budi iparwe kikavu au kwa mafuta, na kikatio ni almasi moja tu, ambayo sisi tumezoea kuisikia ikitajwa pamoja na machimbo ya Mwadui na vidole vya maharusi, iliyonolewa ikafungwa katika gurudumu linalozunguka juu ya utando wa hewa, huku kibao kikisogezwa chini yake taratibu. (Almasi hiyo hiyo ukiipa chuma ikate, huliwa upesi, maana kaboni yake huhamia katika chuma.)

Hapo ndipo penye ajabu. Almasi ikichukua tonge kubwa, fuwele hufanya kama kila kitu kilicho tete, ikaingia ufa; lakini ikichukua kidogo mno, kipande chembamba kisichofikia sehemu ya mia ya unene wa unywele, fuwele husahau tabia yake, ikatoka kwa ulaini kama maranda ya mbao, kwa sababu ufa hauanzi pasipo nguvu ya kutosha kujikusanya, na kipande kidogo namna ile hakina nafasi ya kuikusanya. Nyuma yake hubaki uso ambao vilima na mabonde yake hupimwa kwa nanomita.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba inayokata ni mashine, si fundi. Sikubaliani naye. Mita moja ya chuma cha pua ama cha kawaida, joto likizidi kwa digrii moja tu, hutanuka zaidi ya nanomita 9,000. Basi aliyeiunda mashine, akautuliza msingi wake, akalizuia joto la chumba lisipande wala lisishuke, akainoa almasi na kuiweka mahali pake, huyo ndiye akataye, hata kama mkono wake haukugusa kibao. Lugha yetu humwita fundi, na kwa bahati mbaya siku hizi neno hilo limeshushwa hadhi likawekwa chini ya mtaalamu, kana kwamba ujuzi ukishafika mikononi huwa umepungua.

Gurudumu likitetemeka kidogo, mtetemo huandikwa juu ya fuwele mfano wa mawimbi, na mwanga wenye nguvu kama ule ukipita hapo huweza kujikusanya mahali pamoja ukaunguza kioo kinachofuata. Siku ambayo kioo kingeungua, sina shaka, fundi angetajwa.