Si Kaboni Peke Yake

Mabaki mazito ya mafuta ghafi ya Kuwait huondolewa salfa kwa haidrojeni, joto kali na punje za kichocheo: alumina iliyobeba molibdeni pamoja na nikeli au kobalti. Punje zikichoka hutolewa zikiwa nyeusi tititi, na hukumu za haraka huanzia hapo.

“Weusi huo ni kaboni, ichome, punje irudi kazini.” Nusu ya kweli. Kaboni huungua, lakini mafuta mazito huleta pia vanadi na nikeli, na hizo moto hauziondoi. Tena kaboni hujaa upesi mwanzoni kisha hutulia, ilhali metali huendelea kujikusanya hadi midomo ya vitundu vya punje izibe.

“Pima uzito kabla na baada ya kuchoma, kilichopungua ndicho kaboni.” Hapa wengi huteleza, maana mzani haujui kilichoondoka. Katika punje iliyotumika, metali zimo kama salfidi. Zikichomwa hewani, salfa hutoka na oksijeni huingia. Chukua gramu 160 za salfidi ya molibdeni tupu: zikiungua zote huacha gramu 144 za oksidi. Gramu 16 zimepotea, na kaboni haikuwamo hata chembe! Mafuta yaliyosalia vitunduni nayo yatahesabiwa kaboni. Kwa hiyo sampuli ioshwe kwa tolueni, ikaushwe, kisha ipimwe dioksidi ya kaboni inayotoka ikichomwa.

“Saga punje, pata asilimia ya vanadi, basi.” Kusaga kunafuta ushahidi. Vanadi hupenda kuganda pembezoni mwa punje. Nikeli huzama ndani zaidi. Punje mbili zenye asilimia ileile zaweza kuwa zimekufa vifo tofauti: moja imezibwa nje na kiini chake hakijaguswa, nyingine imejaa metali hadi katikati. Ya kwanza ilihitaji vitundu vipana zaidi. Ikate, ing’arishe, pitisha mwale wa elektroni toka ukingo hadi ukingo uone metali zilipokaa. Na iandikwe imetoka tabaka gani la mtambo, kwani yale ya mwanzo, mafuta yanapoingilia, hubeba metali nyingi zaidi.

“Ni takataka tu.” Marekani iliziingiza punje hizi katika orodha ya taka hatari mwaka 1998, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba huweza kupata joto na kuwaka zenyewe zikikutana na hewa. Ila vanadi na molibdeni zake hurejeshwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa feleji. Anayezirejesha haulizi vanadi imekaa ukingoni au katikati. Kwake, punje iliyosagwa inatosha.