Kifaru cha kopo la sardini kisikanyagwe

Jua linapoanza kupoa katika komini za Dilala na Manika, watoto wa Kolwezi wanaketi kwenye lupango na kutengeneza magari. Waya, kopo, kipande cha kandambili iliyokatika, vifuniko vya chupa: hiyo ndiyo gereji yao. Wengi wanatengeneza wanachokiona kila siku, yaani malori makubwa ya migodi na mashini za kuchimba, na wengine wana ufundi hadi sanduku la nyuma linainuka kwa kuvuta kamba. Hakuna mzazi anayekasirika akiona lori la mgodi. Ugomvi unaanza siku mtoto anapotengeneza kifaru.

Mama aliyekimbia vita, akikuta kitu kile kimewekwa mlangoni, kina mdomo wa mzinga umeelekea ndani ya nyumba, haulizi. Anakikanyaga. Majirani wanamwambia mtoto amekosa adabu, baba anaongeza kwamba vita haichezewi, na kazi ya siku tatu inatupwa pamoja na majivu. Tena mara nyingi yule mtoto hakutaka kucheza vita. Alitaka kujua kama mnara wa kile kitu unaweza kuzunguka.

Hasira ya mama huyo ina sababu, na asiyewahi kukimbia na mtoto mgongoni usiku hana haki ya kumfundisha. Kolwezi ni mji wa watu waliohamishwa. Wapo waliotoka upande wa Mitwaba na Pweto wakati wa Bakata Katanga. Wapo waliopoteza jamaa na nyumba mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga na kungoja treni wiki nzima na zaidi kwenye vituo. Wapo wenye jamaa huko Goma na Bukavu, miji iliyoangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025. Na wapo ambao hawakukimbia bunduki yoyote: mgodi uliwafuata hadi kwenye ukuta wa nyumba, katika Kasulo au katika Cité Gécamines, wakaambiwa waondoke. Mtu kama huyo akiona mzinga, hata wa bati, moyo unashtuka kabla ya akili kufika.

Lakini mguu ungesimama kidogo kabla ya kukanyaga. Hoja ni hiyo tu, na inahitaji kuelezwa polepole.

Ulimwenguni kuna watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wanaofanya kazi ileile ya mtoto wa Manika, ila wao wanatumia plastiki. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilipimwa kiwe na nafasi ya betri na mota ndani yake, na kipimo kilichotokea, moja kwa thelathini na tano, kikawa desturi ya wajenzi wa vifaru vidogo hadi leo. Maana yake ni kwamba sentimeta 35 za kitu halisi zinakuwa sentimeta 1 mezani. Kifaru kilichopendwa kuliko vyote ni Tiger, cha jeshi la Hitler. Kile cha kweli kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi na mzinga wa milimita 88, na vilitengenezwa chini ya 1,400. Cha plastiki kinatosha juu ya sahani ya chakula.

Kukijenga si mchezo wa saa moja. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye tawi. Unakata kila kimoja kwa koleo ndogo, unapiga msasa mahali ulipokata, unajaribu kukipachika bila gundi kwanza. Minyororo ya magurudumu, kwa mwenye bidii, inaungwa pingili moja moja, zaidi ya tisini kila upande. Halafu rangi: kuanzia 1943 viwanda vya Ujerumani vilipaka vifaru rangi ya manjano iliyokolea, na mjenzi anayejiheshimu atabishana juu ya manjano hiyo jioni nzima. Mwishoni anakichafua. Anatia kutu, mafuta, vumbi, tope. Huko Ulaya kuna maduka yanayouza tope kwenye chupa na vumbi kwenye vikopo, na watu wanalipa. (Mtu wa Kolwezi akisikia hivyo mwezi wa nane, wakati malori ya mgodi yanapita na nguo zilizoanikwa zinageuka nyekundu, atajiuliza kwa nini mji huu bado ni maskini.)

Swali la kuuliza ni kwa nini watu wa Uingereza, Ufaransa au Poland, ambao babu zao walikimbia kifaru hicho au waliuawa nacho, wanakaa usiku kukijenga tena. Wapo wanaopenda chuma tu na hawataki kusikia habari ya aliyekuwa mbele ya mzinga. Hao ni wengi, na udhaifu wa mchezo wao uko hapo: kifaru kinakuwa kizuri, kinang'aa kwenye kabati, na wafu hawamo. Hata Ujerumani yenyewe iliona hatari hiyo. Sheria yake inazuia alama za chama cha Nazi, kwa hiyo masanduku ya vifaru vidogo yanayouzwa kule hayaonyeshi msalaba wa Hitler. Lakini wapo wengine wanaoanza na plastiki na kuishia kwenye vitabu, kwenye makaburi, kwenye barua za babu. Wanataka kujua kifaru hiki hasa kilikuwa wapi, siku gani, nani alikuwa ndani. Tiger mmoja, wenye namba 131, ulitekwa na Waingereza Tunisia mwezi wa nne 1943. Uko katika jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza, na injini yake bado inawashwa. Tunisia ni Afrika. Vita ile haikuwa ya Wazungu peke yao.

Haikuwa mbali na Katanga pia. Shaba ya Union Minière ilikwenda kwa Waingereza na wenzao, na ganda la risasi au la kombora ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Wachimbaji walisukumwa kutoa zaidi huku bei za sokoni zikipanda na mshahara ukibaki nyuma. Waligoma mwezi wa kumi na mbili 1941. Tarehe 9 wanajeshi wa Force Publique waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao. Mjenzi wa Tiger katika mji wa Ulaya anaweza kujua idadi ya skrubu kwenye mlango wa dereva na asijue kabisa jina la Mpoyi. Mtoto wa Kolwezi pia halijui, na hilo linauma zaidi.

Sasa turudi kwenye lupango. Mtoto wa hapa hana plastiki. Sanduku moja la kifaru linauzwa dola thelathini au zaidi, kabla ya gundi na rangi, na pesa hiyo ni unga wa familia. Ana kopo la sardini. Tena kopo hilo lina jambo ambalo wengi hawajaliona.

Mwezi wa tano 1978, katika ile iliyoitwa vita ya siku sita, wapiganaji wa FNLC wa Nathanaël Mbumba walitoka Angola na kuuteka mji wa Kolwezi tarehe 13. Magari ya deraya ya jeshi la Zaire yaliangukia mikononi mwao. Yalikuwa ya Kifaransa, aina ya AML ya Panhard, magurudumu manne, watu watatu ndani. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa, wa kikosi cha 2e REP chini ya Kanali Erulin, waliruka juu ya mji, na baadhi ya magari hayo yaliwakabili barabarani. Wabelgiji walifika kesho yake. Wakongomani waliokufa siku zile ni mamia, na Wazungu zaidi ya mia. Ufaransa ilitengeneza filamu miaka miwili baadaye. Iliigizwa Guyane, Amerika ya Kusini, maelfu ya kilomita kutoka Manika. Mji wa Kolwezi ulisimuliwa bila Kolwezi kuwepo.

AML ile ilikuwa na urefu wa mita 3.79 bila kuhesabu mzinga, na upana wa mita 1.97. Gawanya kwa 35. Utapata sentimeta 10.8 kwa 5.6. Chukua rula, pima kopo la sardini la kawaida: linakaribia sentimeta 10 na nusu kwa 6. Mtoto ambaye hajawahi kusikia neno Tamiya ameshika mkononi gari la 1978 kwa kipimo kinachotumiwa na wajenzi wa dunia nzima.

Kipimo hicho ndicho kinachogeuza mchezo kuwa kazi. Kifaru cha kubuni, chenye mizinga mitano na pembe, hakimfundishi mtoto kitu. Lakini ukimwambia atengeneze gari lililopita kwenye barabara fulani, lazima aulize. Mlango ulikuwa upande gani? Dereva alikaa mbele au nyuma? Rangi gani? Hakuna atakayemjibu isipokuwa mzee aliyekuwa hapa, na wazee wa 1978 wanapungua. Wengi wao hawajawahi kuwaeleza watoto wao habari za wiki ile. Mzee ukimwambia, baba, tusimulie vita, atanyamaza. Ukimwekea kopo mbele na kumwuliza, baba, mzinga ulikuwa mrefu hivi au hivi, ataanza na mzinga, na baada ya nusu saa atakuwa amefika kwa jirani yake aliyezikwa nyuma ya nyumba.

Kuna wanaosema: kwa nini kifaru, kwa nini si trekta? Trekta ni nzuri. Lakini mtoto haagizwi atakachokiona usiku akifumba macho. Watoto waliotoka vitani wanachora vita, na wanaowahudumia katika kambi wanawapa karatasi na penseli makusudi. Bati na waya havina tofauti na penseli. Tofauti kubwa iko kwingine: kati ya kitu kinachotazamwa na kitu kinachoelekezewa mtu. Bunduki ya mbao ya ukubwa wa kweli, mtoto akiishika gizani mbele ya askari wa doria, inaweza kumwua. Hiyo wazazi waikataze bila kubembeleza. Gari la sentimeta kumi haliwezi kudhaniwa chochote.

Makatazo mengine pia yana haki. Bati lililokatwa linachana vidole, na jeraha la kutu linaweza kuleta pepopunda. Ukingo wote ukunjwe ndani na kugongwa kwa jiwe kabla mtoto mdogo hajagusa. Waya uwe wa chuma, wa tairi zilizoungua au wa kufungia nondo. Mtoto wa mji wa shaba anatumia chuma kwa kuwa shaba inauzwa kwa kilo, na kila mkaaji anajua jioni ngapi kartie imelala gizani kwa sababu ya kebo iliyokatwa. Akionekana mtoto na waya mwekundu mpya, aulizwe ameutoa wapi.

Walimu wa shule za ufundi wangeweza kufanya zaidi. Wana rula, wana vaisi, wana mkasi wa bati, na wanafundisha mchoro wa kipimo ubaoni kwa mifano ambayo hakuna mwanafunzi amewahi kuiona. Wawaruhusu wanafunzi walete makopo. Hesabu ya kugawanya kwa 35 haisahauliki ukishaikata mwenyewe kwenye bati. Lori la mgodi lipimwe pia, na nyumba zilizobomolewa zipimwe; familia iliyotolewa Kasulo inakumbuka chumba kilikuwa hatua ngapi. Hakuna sababu kipimo kiwe cha jeshi tu.

Kwa yule mama, ombi ni dogo. Kigeuzwe, mdomo wa mzinga uangalie ukuta. Kiwekwe juu ya dirisha kama hataki kukiona mlangoni. Na kama ana nguvu siku hiyo, amwulize mtoto ni nani yuko ndani.

Kwa anayetaka kujaribu AML ya 1978: kopo moja la sardini, kifuniko kikiwa juu. Magurudumu manne, na kifuniko cha chupa ya Simba kinakaribia ukubwa unaotakiwa. Mnara uwe katikati, ukatwe kwenye kopo la nyanya. Hapo ndipo pa kusimama kwanza, maana AML ilikuwa na minara ya aina mbili, mmoja wa mzinga mrefu wa milimita 90, mwingine wa mota fupi ya milimita 60 na bunduki za rashasha. Ipi ilipita mtaa gani, aulizwe mzee.