Kampuni Estonia, pweza Sudi
Wenzangu, bumu likiingia tu, utasikia: "Nafungua kampuni nje." Estonia tangu 2014 inampa mgeni kitambulisho cha kidijitali, anasajili kampuni kwa mtandao. Delaware kule Marekani nako hawakuulizi uraia. Kama unauza programu na wateja wako wako Ulaya, sawa, nenda.

Ila mimi ni wa Sudi, Lindi, na nawaona mnaotaka kununua pweza wetu kwa kampuni ya Estonia. Jamani, kampuni hiyo kwetu ni ya kigeni. Ikifungua ofisi nchini, Sheria ya Makampuni ya 2002 inaipa siku 30 kupeleka nyaraka BRELA. Na maadamu unaiendesha ukiwa hapa, kwa TRA ni mkazi. Kodi iko palepale. Kile kitambulisho nacho si viza wala uraia.

Utalipa ada huku na kule, hesabu utapeleka huku na kule, na mvuvi bado anasubiri hela yake ufukweni. Anzia BRELA, nao wanasajili kwa mtandao. Nje tutakwenda mteja akituita.