Mtoi Anabonga Keja, Shule ni Kimya: Simu Inaweza Saidia

Unamjua ule mtoi anapiga stori keja hadi unachoka, lakini shuleni hata jina lake likiitwa hajibu? Ticha anasema ni madharau. Mathe anasema ni aibu, itaisha. Zii. Kizungu inaitwa selective mutism, na mtoi hachagui kunyamaza, koo inafunga tu. Tangu 2013 mwongozo wa DSM-5 wa Marekani unaiweka kwa kundi la magonjwa ya wasiwasi.

Simu inaingia hivi: mtoi anajirekodi WhatsApp akiwa keja, pale sauti inatoka bila stresi. Ticha anaiskiza akiwa solo, baadaye wakiwa pamoja. Kisha mtoi anarekodi ndani ya darasa tupu. Mdogo mdogo, hadi amjibu ticha uso kwa uso. Hauhitaji apu ya ganji mob.

Lakini chunga. Simu ikimwongelea kila siku, woga umepata tu pa kujificha. Lazima kila wiki kuwe na kahatua, na mshauri nasaha akiwepo, poa zaidi.

Na kumchapa ndio aongee? Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, buda. Vinamnyamazisha zaidi.