Fidla kuukuu na nguvu ya karatasi

Februari 2025, katika mnada wa Sotheby's jijini New York, fidla iliyotengenezwa mwaka 1714 na fundi Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, iliuzwa kwa takriban dola milioni 11.3 za Kimarekani. Fidla hiyo, iitwayo "Joachim-Ma", ilikuwa mali ya chuo cha muziki cha New England Conservatory cha Boston, na fedha zake zilikusudiwa kuwalipia ada wanafunzi wasio na uwezo.

Kwa mtu wa kawaida hicho ni kiasi cha kutisha. Kwa wafanyabiashara wa ala za kale, bei hiyo ilikuwa chini ya matarajio, kwani makadirio ya awali yalikuwa kati ya dola milioni 12 na 18. Rekodi ya "Lady Blunt", fidla nyingine ya fundi huyo huyo iliyouzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 15.9 kuwasaidia wahanga wa tetemeko la ardhi na tsunami nchini Japani, haikuvunjwa.

Swali la kujiuliza ni hili: mnunuzi wa ala kuukuu iliyotengenezwa kwa mkono hulipia nini hasa? Je, ni sauti, ni mbao, ama ni jina la fundi? Ukiichunguza biashara hii kwa makini, utagundua kwamba jibu haliko ndani ya ala peke yake. Kwa kiasi kikubwa liko katika karatasi inayofuatana nayo. Jambo hilo linamgusa tajiri wa New York, na linamgusa vilevile mpiga udi wa Unguja.

Tuanze na sauti. Mwaka 2010, mjini Indianapolis, Marekani, watafiti wakiongozwa na Claudia Fritz wa Ufaransa na Joseph Curtin, fundi wa fidla wa Marekani, waliwakusanya wapiga fidla 21. Waliwapa fidla sita wazijaribu katika chumba chenye mwanga hafifu, wakiwa wamevaa miwani ya giza. Tatu zilikuwa mpya, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri del Gesù. Walipoulizwa ni ipi wangependa kwenda nayo nyumbani, 13 kati yao walichagua fidla mpya. Jaribio jingine lilifanyika jijini Paris mwaka 2012 kwa wapigaji 10 wa kiwango cha juu kabisa, na sita kati yao walichagua fidla mpya.

Hatusemi kwamba fidla za kale hazina thamani. Zina historia, zina uzuri, na nyingi zina sauti ya kupendeza. Lakini ni dhahiri kwamba tofauti ya bei kati ya fidla ya maelfu ya dola na ile ya mamilioni haiwezi kuelezwa kwa sikio. Inaelezwa na jina, na jina huthibitishwa kwa hati.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Ndani ya fidla, ukichungulia kwenye tundu la kifuani, utaona kijikaratasi chenye jina la fundi na mwaka. Viwanda vya Ulaya, hususan vya Ujerumani, Bohemia na Ufaransa, vilitengeneza katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 fidla nyingi mno zenye kijikaratasi cha Stradivari. Wakati huo haikuhesabiwa kuwa udanganyifu, kwani mnunuzi alijua kuwa ni namna ya kueleza umbo lililoigwa. Wajukuu wa wanunuzi hao wanapoikuta fidla ya babu darini, hudhani wameokota lulu. Wanapoipeleka kwa mjuzi huambiwa ukweli, na wengi huondoka na huzuni.

Hata wajuzi wenyewe si malaika. Dietmar Machold, raia wa Ujerumani aliyefanya biashara zake nchini Austria, aliwahi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa fidla za kale duniani. Neno lake lilitosha kuwa cheti. Mwaka 2012 mahakama jijini Vienna ilimhukumu kifungo cha miaka sita. Miongoni mwa mambo yaliyofichuka ni kwamba fidla alizoziweka dhamana benki kwa madai kuwa ni za Stradivari hazikuwa zake, na thamani yake halisi ilikuwa maelfu machache tu ya yuro. Mabenki hayakusikiliza sauti wala kupima mbao. Yaliamini karatasi, na mwandishi wa karatasi ndiye aliyekuwa muuzaji.

Funzo liko wazi. Anayeithaminisha ala asiwe ndiye anayeiuza. Katika soko la nyumba na la magari, kanuni hiyo inaeleweka. Katika soko la ala za muziki bado mtu mmoja huweza kuwa dalali, mthamini na shahidi kwa wakati mmoja.

Karatasi ya pili ni ya mbao. Magitaa mengi ya kale yaliyotengenezwa kwa mkono, ya Hispania na ya Marekani, yana mgongo na mbavu za mbao ya Brazil iitwayo kitaalamu Dalbergia nigra. Brazil ilipozuia magogo yake kwenda nje mwishoni mwa miaka ya 1960, mafundi wengi walihamia mbao ya jamii hiyo hiyo kutoka India. Tangu mwaka 1992 mti huo wa Brazil umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Ni daraja lile lile wanalowekwa ndovu wa nchi nyingi za Afrika. Maana yake ni kwamba gitaa la miaka ya 1950 haliwezi kuuzwa kihalali kuvuka mpaka pasipo vibali, na ili kuvipata mwenye gitaa hutakiwa kuthibitisha kuwa mbao yake ilipatikana kabla ya katazo.

Mzaha wa historia ni kwamba Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyeweka msingi wa gitaa la kisasa, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Alitaka kuonyesha kwamba siri ya sauti imo katika ubao wa mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki jijini Barcelona. Pamoja na hayo, soko limeendelea kulipa zaidi kwa ajili ya mgongo wa mbao adimu.

Januari 2017 masharti yalipanuliwa hadi karibu jamii nzima ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wetu. Msafiri aliruhusiwa kubeba ala yake binafsi, ila kila aliyetaka kuuza gitaa kuukuu nje ya nchi yake alilazimika kutafuta vibali. Malalamiko yalikuwa makubwa. Mafundi wadogo walisema kuwa wao hutumia kiasi kidogo cha mbao, ilhali makontena ya magogo kwa ajili ya samani ndiyo yanayomaliza misitu. Hoja hiyo ilisikilizwa, na tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa, isipokuwa zile zenye mbao ya Brazil iliyotajwa juu.

Tukirejea nyumbani, habari hii inatuhusu kwa pande mbili. Kwanza, sisi ndio wenye mti. Mpingo hukua taratibu kwa miongo mingi kabla ya kufaa kuvunwa, na ndiyo mbao inayotegemewa zaidi duniani kwa utengenezaji wa klarineti. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora, hatua iliyokusudiwa kuwapa wanavijiji malipo ya haki zaidi kwa magogo yao. Hiyo nayo ni karatasi, lakini mara hii imewekwa mikononi mwa mwanakijiji.

Pili, sisi ni wanunuzi. Taarabu ya Unguja na Mombasa imejengwa juu ya udi, kanuni na fidla, na ala nyingi za aina hiyo zilitoka Misri na nchi nyingine za Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa imekuwepo tangu mwaka 1905. Ala za wazee hurithiwa, hutengenezwa upya, huuzwa kwa maneno ya mdomo. Aghalabu hakuna risiti wala picha, na anayejua asili ya udi ni mzee mmoja ambaye akifariki huondoka na ushahidi. Huko nje, udi wa mafundi wa ukoo wa Nahat wa Damascus hutafutwa sana, na vijikaratasi bandia vyenye jina hilo si jambo geni.

Matokeo yake tunapoteza mara mbili. Mgeni mjuzi huweza kununua kwa bei ya chee ala asiyoijua thamani mwenyewe, na kijana wetu huweza kutoa akiba ya miaka kwa udi wenye jina la kuazima.

Tiba si ngumu wala haihitaji mamilioni. Vyuo vya muziki, vilabu vya taarabu na makumbusho vinaweza kuanzisha daftari la ala: picha ya mbele, ya nyuma na ya ndani, vipimo, aina ya mbao, jina la kila aliyeimiliki na matengenezo yaliyofanywa. Mnunuzi naye asiridhike na kijikaratasi cha ndani. Aipeleke ala kwa fundi asiye na maslahi katika mauzo, aitazame shingo kama imepinda, autafute ufa uliozibwa, kisha adai risiti yenye maelezo kamili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dunia imekwisha kuamua kwamba thamani ya ala kuukuu huandikwa kabla ya kusikika. Wazee wanaozijua ala zetu wangalipo. Ni vema tukawauliza leo na kuyaandika wanayotuambia.