Eti wazee wameishiwa?

Vijana wapenzi, twawasikia baadhi yenu wakiicheka orkestra kongwe inapoalika wanamuziki wa nje jukwaani: eti wazee wameishiwa. Hatukubali. Mnamo Januari 1960, African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwenda Brussels wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara. Vicky Longomba na Brazzos, watu wa OK Jazz, washindani wao wa Léopoldville, wakapiga pamoja nao. Huko ukazaliwa « Indépendance Cha Cha ». Je, Kabasele alikuwa ameishiwa, naye ana Docteur Nico kwenye gitaa? Linalotuudhi sisi ni jingine: wimbo huo hutajwa kwa jina la Kabasele, na wale wageni wawili ni nani kati yenu aliyewajua?